Saa za ndege ni mali ya umma

Kwa miaka mingi ndege kubwa ya shirika la KLM imekuwa ikiondoka Amsterdam asubuhi, ikitua Kilimanjaro jioni na kushusha watalii, kisha ikisogea hadi Dar es Salaam. Hapo hukaa kwa muda ule tu utoshao kufagiliwa, kutiwa mafuta na kupakiwa chakula, mizigo na abiria wapya. Usiku huohuo huruka, na kunapokucha iko kwao. Katika muda usiozidi sana saa 24 imekwisha kuja Afrika Mashariki na kurudi, na sehemu kubwa ya saa hizo imezitumia hewani, ikiwa na watu waliolipa nauli. Wenye ndege hiyo hawakujaliwa siku iliyo ndefu kuliko ya Watanzania. Walikaa chini wakaipangia kazi kila saa ya ndege yao, basi.

Habari hiyo yafaa kutafakariwa na kila anayehusika na usafiri wa anga nchini. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoamua kulifufua shirika la ndege la Taifa, fedha nyingi za wananchi zimetumika kununua ndege. Miongoni mwake zimo tatu za masafa marefu, aina ya Boeing 787-8, zilizopokewa Julai 2018, Oktoba 2019 na Agosti 2024. Bei ya orodha ya kiwanda kwa ndege moja ya aina hiyo ilikuwa zaidi ya dola milioni 220 za Marekani, ingawa ni mnunuzi mzembe tu alipaye bei ya orodha. Zilinunuliwa ziwe mali ya Serikali kwa njia ya Wakala wa Ndege, na shirika, yaani ATCL, likawa mpangaji wake. Kwa maneno mengine, mkulima wa Namtumbo ambaye hajapata kupanda ndege maishani mwake ni mmoja wa wenye ndege hizo, na anayo haki ya kuuliza zinafanya nini tangu asubuhi hadi asubuhi.

Swali hilo si la chuki. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba ATCL ilipata hasara ya Sh. bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23, na hasara ya Sh. bilioni 91.8 katika mwaka wa 2023/24. Sababu za hasara katika biashara hii ni nyingi, na baadhi yake hazimo katika uwezo wa mtu aliyeketi Dar es Salaam. Lakini ipo moja ambayo kila mwananchi aweza kuielewa bila kusomea uhasibu. Sehemu kubwa ya gharama za ndege haingoji ndege iruke. Kodi ya ndege hulipwa kwa mwezi, iwe imeruka au imelala. Bima nayo ni hivyohivyo. Mishahara ya marubani, mafundi na wahudumu haipungui kwa sababu ratiba ina mapengo. Hata ukaguzi wa kiufundi, upo ule unaofuata saa za kuruka, lakini upo pia unaofuata kalenda. Ni mafuta, ada za kutua na mambo machache mengine tu yanayosubiri safari.

Ichukuliwe hesabu ya kalamu, isiyo ya shirika lolote. Ndege ikikodiwa kwa dola 800,000 kwa mwezi na kuruka saa 6 kwa siku, kila saa yake ya hewani hubeba mzigo wa kodi wa dola zipatazo 4,440. Ikiruka saa 12, mzigo huo hushuka hadi dola 2,220. Ndege ni ileile na kodi ni ileile. Hakuna mfanyakazi aliyepunguzwa wala abiria aliyeongezewa nauli. Mashirika yanayoendesha vizuri ndege za masafa marefu huzirusha kwa wastani wa saa 12 hadi 14 kila siku, mwaka mzima, yakihesabu pamoja na siku za matengenezo.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba ndege ya masafa marefu hulala kiwanjani kwa uvivu wa watu. Mara nyingi inalazwa na saa yenyewe. Shirika la Ndege la Afrika Kusini ni shahidi mzuri. Kwa miongo kadhaa, hadi liliposimamisha safari hizo mwaka 2020, ndege zake ziliondoka Johannesburg usiku na kutua London alfajiri baada ya saa 11 hivi. Abiria wa kurudi nao walitaka kusafiri usiku, wapate kulala njiani na kuamkia kazini, kwa kuwa tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili ni ndogo sana. Matokeo yake ndege iliyotua London alfajiri iliketi Heathrow mchana kutwa, ikilipiwa maegesho, ikingoja giza. Waingereza nao hawakupona: ndege zao zilikuwa zikishinda juani Johannesburg kwa sababu ileile. Abiria alifurahi, lakini kila siku saa kumi na zaidi za ndege zilipotea kila upande.

Njia za kuelekea mashariki zina tabia nyingine, na njia za kuelekea magharibi nyingine tena. Shirika la Kenya lilipoanzisha safari ya Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ya mwanzo iliitoa ndege Nairobi saa 5:25 usiku na kuitua New York saa 12:25 asubuhi ya huko. Ilikaa saa 6, ikaondoka saa 6:25 mchana na kufika Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku iliyofuata. Kule ugenini muda uliopotea ulikuwa mdogo. Kazi ilikuwa nyumbani: kuanzia saa 4:55 asubuhi hadi saa 5:25 usiku ni saa 12 na nusu, na ndege kubwa, yenye thamani kubwa, iko huru. Je, ifanywe nini? Safari ya Johannesburg na kurudi yaweza kuingia humo, ingawa kwa kubanana. Asiyeuliza swali hilo huwa ameamua jibu lake bila kujua.

Waethiopia waliliuliza mapema. Shirika lao, ambalo lilikuwa la kwanza barani Afrika kupokea Boeing 787, mwaka 2012, limeijenga ratiba ya Addis Ababa kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Alfajiri ndege huingia pamoja kutoka Ulaya na Asia. Asubuhi ndege hizohizo, au zilizo ndugu zake, hutawanyika kwenda miji ya Afrika zikiwa zimebeba abiria walioshuka alfajiri. Alasiri na jioni hurejea na abiria wa kwenda ng'ambo, na usiku huondoka tena. Mtu akiiona ndege kubwa ya Ethiopia ikitua Dar es Salaam au Kilimanjaro mchana, asishangae kwa nini chombo cha kuvuka bahari kimetumwa safari ya saa mbili au tatu. Kinafanya kibarua cha mchana kikingoja safari yake ya usiku.

Kwa ATCL hesabu inatakiwa ianzie Guangzhou na Mumbai, njia mbili za masafa marefu ambazo shirika lilizifungua kwa ndege hizo. Ya Mumbai ilianza Julai 2019, na ya Guangzhou ilianza kuchukua abiria Mei 2021. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni kilometa zinazokaribia 4,700, mwendo wa saa 6 hivi. Guangzhou ni kilometa zipatazo 8,700, yaani saa 10 na nusu kwenda na 11 kurudi. Na iwekwe mezani ratiba ya mfano. Ndege inaondoka Dar es Salaam saa 12 jioni na kufika Guangzhou saa 3:30 asubuhi ya huko. Inahudumiwa kwa saa mbili na nusu, inaondoka saa 6 mchana, na kutua nyumbani saa 12 jioni. Siku moja kamili imekwisha. Saa 4 usiku ndege hiyohiyo inaondoka kwenda Mumbai, inafika saa 12:30 asubuhi ya huko, inageuka baada ya saa mbili, na saa 6 mchana iko tena Dar es Salaam, ikiwa na saa 6 za kujiandaa kwa safari nyingine ya China.

Katika saa 48 ndege hiyo imeruka saa 33 na nusu. Kwa siku ni karibu saa 17. Mpanga ratiba mchanga akiiona hesabu hiyo hupiga makofi. Mhandisi mzee akiiona hutikisa kichwa, na mhandisi ndiye mwenye haki.

Ndege isiyopewa nafasi ya kupumua itachukua nafasi hiyo yenyewe, tena siku isiyofaa, abiria wakiwa wamekwisha kufika na mizigo yao. Kuchelewa kwa saa tatu Guangzhou jioni ya Jumatatu kutakuwa kuchelewa Mumbai Jumanne na tena Guangzhou Jumatano, kwa kuwa hakuna pengo la kuumeza mchelewo huo. Kwa hiyo busara si kuzijaza saa zote. Ndege moja ikienda Guangzhou mara tatu kwa wiki na Mumbai mara tatu, huruka saa zinazokaribia 100 katika wiki, wastani wa saa 14 kwa siku, na hubaki na siku moja nzima nyumbani kwa mafundi. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya ndege iliyolala na ndege iliyopumzishwa. Iliyopumzishwa imeandikiwa katika ratiba siku ya kupumzika, fundi wake, vipuri vyake na saa ya kurudi kazini. Iliyolala haikuandikiwa kitu.

Mambo ya injini yamekwisha kuwafunza Watanzania somo hilo kwa gharama. Mwaka 2022 shirika lilitangaza hadharani kwamba baadhi ya Airbus A220-300 zake zimesimamishwa kwa matatizo ya injini yaliyotoka kiwandani, na mashirika ya nchi nyingine yenye ndege za aina hiyo yalilia kilio hichohicho. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2016, injini za Rolls-Royce aina ya Trent 1000 ambazo huendesha baadhi ya Boeing 787 duniani zilionekana kuchakaa kabla ya wakati wake, na mwaka 2018 ndege nyingi za mashirika makubwa zikawa zimeketi chini zikisubiri zamu ya karakana. Hakuna ratiba ya ujanja inayoweza kuirusha ndege isiyo na injini. Linalowezekana ni kununua haki ya injini ya akiba wakati wa kununua ndege, si baada ya ndege kuketi. Wanaokumbuka mwaka 1977, lilipovunjika shirika la Afrika Mashariki na karakana kubwa ya Embakasi ikabaki Nairobi, watakumbuka pia jinsi ilivyo taabu kuwa na ndege bila kuwa na mahali pa kuitengenezea.

Usalama, kwa vyovyote vile, hauuzwi kwa saa. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama. Uamuzi wa namna hiyo hufunga njia, na kila njia inayofungwa huacha saa nyingine wazi katika ratiba. Hivyo, anayedhani kwamba kumbukumbu nzuri za ukaguzi ni adui wa matumizi mazuri ya ndege ameshika mambo kinyume.

Kuna watu pia. Ndege haichoki kama mwanadamu. Safari ya Guangzhou yahitaji marubani wa ziada wapokezane, na hakuna rubani anayeweza kufika China asubuhi na kugeuka mchana huohuo. Ndege hurudi na marubani wengine waliokuwa wakingoja kule. Ratiba ikiwa ya mara moja au mbili kwa wiki, wangojeao hukaa hotelini siku tatu, nne, tano, wakilipiwa malazi na posho. Ratiba ikiwa ya siku moja ndani ya mbili, hukaa siku mbili tu. Mara nyingi watu husema njia dhaifu ipunguziwe safari ili kuokoa fedha. Wakati mwingine kupunguza safari ndiko kunakoifanya njia iwe dhaifu zaidi, kwa kuwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kwenda kununua bidhaa na kurudi ndani ya wiki huchagua ndege ya Addis Ababa au ya Dubai iliyo na safari kila siku, na hakumbuki uzalendo wakati duka lake liko tupu. Ni vigumu kumlaumu.

Aidha, si kila saa ya kuruka ni ya heri. Dreamliner ya kwanza ilipofika mwaka 2018 ilianza kwa safari za ndani, za Kilimanjaro na Mwanza. Kwa kuwafunza marubani na kuwaonyesha wananchi mali yao, ilifaa. Lakini injini na magurudumu ya ndege kubwa huchakaa kwa kuhesabu miruko na mituo pamoja na saa, na mruko wa kwenda Mwanza huhesabiwa mmoja sawasawa na mruko wa kwenda China. Kuijazia ndege siku yake kwa safari za saa moja moja ni kumchukua ng'ombe wa maziwa ukamfungia jembe: atafanya kazi, lakini maziwa yatapungua. Pengo la nusu siku lapaswa kujazwa na safari ya saa tatu au nne yenye abiria wanaounganisha, kama vile Johannesburg, au liachwe kwa mafundi.

Kuunganisha abiria ndiko kunakosahaulika zaidi. Ndege ya China ikitua saa 12 jioni, abiria wa Mbeya, Mwanza na Bukoba huhitaji ndege ya kuwapokea kabla ya usiku kuwa mkubwa, na siku ya kuondoka huhitaji ndege ya kuwaleta kabla ya saa 9 alasiri. Viwanja kadhaa vya mikoani kwa miaka mingi vilitumika mchana tu kwa kukosa taa za njia ya kurukia. Wengi waliona taa hizo kama starehe ya mikoa. Kumbe kiwanja cha mkoani kisicho na taa huilaza ndege Dar es Salaam, kwa sababu ndege ndogo haiwezi kukutana na ndege kubwa kwa saa inayofaa, na abiria hulala mjini kwa gharama yake, au haji kabisa. Mpango wa kutia taa na mpango wa ratiba za ng'ambo hauna budi kusomwa katika meza moja.

Liko jambo la kusema waziwazi kuhusu ufunguzi wa njia mpya. Ndege inapofika mji mgeni kwa mara ya kwanza hupokewa kwa maji ya magari ya zimamoto, ngoma na hotuba, na picha hutolewa magazetini, gazeti la Chama likiwamo. Hakuna anayepigiwa ngoma kwa kuongeza safari ya tatu kwenye njia iliyokwisha kuwapo. Hata hivyo, kwa shirika lenye ndege tatu za masafa marefu, ambazo moja haina budi kuwa ama karakanani ama akiba, safari hiyo ya tatu ina thamani kuliko mji wa tano kwenye ramani. Miji mitano inayotembelewa mara moja moja kwa wiki humaanisha ofisi tano, mikataba mitano ya kuhudumia ndege, hoteli tano za marubani, na mapengo katikati ambayo hayawezi kuunganishwa yakawa safari. Viongozi wanaoliomba shirika lipeleke ndege kila nchi yenye urafiki na Tanzania wana nia njema. Wapewe ratiba na kalamu, waonyeshwe saa hizo zitatoka wapi.

Wananchi nao wapewe hesabu. Taarifa zinazotolewa huwa za idadi ya ndege na idadi ya vituo, na mara chache huwa za idadi ya saa. Haitagharimu kitu kuchapisha kila mwezi, kwa kila ndege na namba yake ya usajili, saa ilizoruka, saa ilizokuwa karakanani kwa mpango, saa ilizokuwa karakanani kwa ajali ya mambo, na saa ilizoketi bila sababu yoyote. Safu hiyo ya nne ndiyo ya kutazamwa na Bodi kabla ya safu nyingine zote. Wafanyakazi wa shirika, ambao wengi wao huijua kuliko wakubwa wao, wataisoma pia, na fundi wa zamu ya usiku aweza kuwa na rai juu ya saa ya nne usiku ambayo haijafika kwenye kikao chochote.

Wakati nao ni mfupi kuliko inavyodhaniwa. Katika usafiri wa anga duniani mwaka una misimu miwili: wa kiangazi huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na wa baridi huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nafasi za kutua katika viwanja vyenye msongamano huombwa miezi mitano hivi kabla ya msimu. Nafasi njema ni mali. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba shirika la Oman lilitoa dola milioni 75 kwa jozi moja tu ya nafasi za Heathrow, ya kutua alfajiri na kuondoka. Achelewaye kuomba hupewa saa zilizokataliwa na wengine, na saa hizo ndizo huzaa ndege inayoshinda juani mchana kutwa. Maombi ya msimu unaoanza Machi hupelekwa mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo ratiba iliyokwisha kujadiliwa na marubani, mafundi, wauzaji wa tiketi na wasimamizi wa viwanja vya mikoani inatakiwa iwe mezani pa Menejimenti kabla ya Septemba kwisha.